Nyota Haziogi

Siku mjomba wangu alipoambiwa hospitalini kwamba mwilini mwake chuma kimepungua, karakana nzima ilicheka mpaka mtu mmoja akalazimika kuzima mashine. Mjomba ni mchomeleaji. Amezungukwa na chuma tangu akiwa na umri kama wangu. Chuma kimeegemea ukuta, chuma kimelala sakafuni, chuma kinaning'inia darini kwa minyororo. Jioni akikung'uta viatu mlangoni kwetu, mama humwambia, "Kaka, hicho chuma chako kiache huko huko nje."

"Wewe ukose chuma?" alisema fundi rangi, anayepaka mageti mjomba akishayamaliza, na ambaye hawezi kuona jambo likapita bila kulitania. "Basi na muuza maji atakufa kwa kiu."

"Nimepewa vidonge," mjomba akasema kwa upole.

"Vya nini?"

"Vya chuma."

Kicheko kikaanza upya. "Bosi, si ungelamba geti tu, ukaokoa nauli!"

Mjomba naye alicheka, ingawa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwa sababu akisimama muda mrefu kichwa kilimzunguka. Ugonjwa wenyewe ulikuwa vidonda vya tumbo. Alizoea kumeza dawa za mgongo asubuhi bila kula kitu, na tumbo likawa linavuja damu kidogo kidogo bila mtu kujua. Walimtibu, akapata nafuu. Nisingeandika habari zake kwa ajili ya vidonda. Ninaandika kwa ajili ya swali aliloniuliza siku ile ile, akiwa ameshika kidonge kati ya vidole viwili kama mtu anayekagua skrubu.

Lakini kwanza mumjue. Watu wengi hawajui hata jina lake la kuzaliwa, wanamwita Cheche. Ni kaka mkubwa wa mama, anakaa chumba cha uani nyumbani kwetu, na mikono yake ina madoa madogo meupe mahali cheche zilipomchoma miaka yote hiyo. Hakujaliwa watoto. Mke wake alifariki mimi nikiwa sijaanza shule. Mke huyo ndiye aliyeanzisha darasa la watoto kanisani kwetu, katika chumba cha pembeni chenye kabati la rangi ya bluu alilolipaka mwenyewe. Alipofariki, mjomba alisema atalishika darasa kwa muda, mpaka apatikane mtu. Mtu hajapatikana, na mjomba hajawahi kuuliza kama anatafutwa. Kila Jumapili huvaa shati lake jeupe, huchukua ufunguo wa kabati kwenye msumari ulio juu ya kitanda chake, na kwenda kufundisha watoto ambao hawajaota hata meno ya mbele. Mimi humfuata kugawa kalamu za rangi. Ukimwona pale, mtu mzima na mabega yale, anaimba huku akipiga makofi, utadhani ndiko anakofanya kazi, na karakanani anakwenda kupumzika.

Sasa swali lenyewe, aliloliuliza jioni tukiwa nyumbani.

"Bi Kwanini," aliniita. Hilo ndilo jina langu nyumbani, na hamna haja ya kuuliza lilitoka wapi. "Hiki chuma cha kwenye damu ni chuma kweli, au ni jina tu la kidaktari?"

"Ni chuma kweli, mjomba."

Akatoa mfukoni sumaku yake, ile anayookotea skrubu zilizoanguka, akaiweka mkononi mwake juu ya mshipa. Tulingoja. Akaigeuza upande wa pili. Kisha akaiweka kwenye mkono wa mama aliyekuwa anakata vitunguu, na mama akamchapa na mwiko.

"Haikamati," mjomba akasema.

"Kimeshikana na vitu vingine, hakiwezi kuvutwa. Halafu ni kidogo sana. Mwalimu wetu wa fizikia alisema ukikusanya chuma chote cha mtu mzima unapata msumari mmoja tu, tena mdogo."

"Msumari mmoja!" Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Mimi mzima hivi, msumari mmoja?"

"Na wako umepungua," mama akasema. "Wewe una nusu msumari."

"Haya. Na huo msumari mwili unautoa wapi?"

"Kwenye chakula."

"Chakula kinautoa wapi?"

"Kwenye udongo."

"Na udongo?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Mama akacheka mpaka machozi ya vitunguu yakachanganyika na ya kicheko. "Leo Bi Kwanini amekutana na mwenzake!"

Kesho yake nilimvizia mwalimu wa fizikia kwenye veranda ya shule, kati ya kipindi na kipindi. Ni mwalimu ambaye mikono ya shati lake ina chaki nyingi kuliko ubao wenyewe. Alikuwa na haraka, lakini swali liliposhuka mpaka kwenye udongo alisimama, akaegemea nguzo, akasahau haraka yake.

Aliyonieleza nitayasema kwa maneno yangu. Hapo mwanzo kabisa hapakuwa na chuma mahali popote. Kulikuwa na haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko vitu vyote, na heliamu, na punje za vitu viwili vitatu vingine. Basi. Haidrojeni ikajikusanya, ikajibana kwa uzito wake yenyewe mpaka ikapata joto na kuwaka, na ndiyo nyota hizo. Ndani ya nyota vitu vidogo vinabanwa mpaka vinaungana kuwa vikubwa. Huko ndiko ilikopikwa hewa ya oksijeni tunayovuta, na kaboni iliyo kwenye nyama yetu, na chuma. Nyota kubwa ikifika mwisho wake inapasuka na kumwaga kila ilichopika. Mabaki hayo yanatangatanga, yanakusanyika tena, na katika mabaki ya namna hiyo ndimo lilimotoka jua letu, na ardhi, na udongo, na mboga, na mjomba.

"Kwa hiyo, mwalimu, damu yangu…"

"Chuma cha damu yako kilishawahi kuwa ndani ya nyota," akasema. "Siyo mfano wa kishairi, ni hivyo hivyo." Kisha akatazama saa, akashtuka, akakimbia.

Nilifika karakanani nikiwa na sare za shule na begi mgongoni, nikamwaga yote kwa pumzi moja. Mjomba alinisikiliza huku akifuta miwani yake ya giza. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja.

"Nani alikwenda huko?"

"Wapi?"

"Kwenye nyota. Nani alikwenda akaona chuma?"

"Hakuna, mjomba. Huwezi kwenda, utaungua hata kabla ya kukaribia."

"Basi wamejuaje? Au na wao wanaamini tu, kama sisi?"

"Kwa mwanga. Kila kitu kikiwa cha moto kina mwanga wake wa peke yake. Wanauchukua mwanga wa nyota, wanautawanya, wanausoma. Wanajua hapa pana hiki, hapa pana kile."

Aliinuka, akainama kwenye lundo la vyuma chakavu, akarudi na vipande viwili vilivyofanana kwa kutu.

"Hiki nini na hiki nini?"

"Vyote vyuma. Sijui."

"Vyuma chakavu haviji na majina yake. Na ukikosea, ukamwekea mtu bawaba ya chuma kigumu kisichopenda kukunjwa, itakatika. Vaa miwani."

Akawasha grenda. Akagusisha kipande cha kwanza kwenye jiwe linalozunguka, na cheche zikatoka ndefu, zimenyooka, za njano, kama mvua inayopigwa na upepo. "Nondo," akapaza sauti. Akaleta cha pili. Safari hii cheche zilikuwa fupi, na kila moja ilipofika mwisho ilipasuka, ikachanua vipande vyeupe vingi. "Springi ya gari! Umeona inavyochanua?"

Nilikuwa nimeona cheche hizo maisha yangu yote. Sikuwa nimejua kwamba zinasomeka.

Akazima mashine. Jiwe likaendelea kuzunguka, likapunguza mwendo, likasimama. Mjomba alikuwa bado ameshika kile kipande.

"Kumbe na wao wanafanya hivi hivi," akasema polepole. "Wanatazama mwanga, wanajua ni chuma."

"Hivi hivi, mjomba. Ila grenda yao iko mbali."

Akakaa juu ya ndoo. "Mungu wangu," akasema. Watu husema hivyo wakijikwaa, lakini yeye aliyasema kama mtu aliyepiga hodi.

Jumapili iliyofuata hakuweza kujizuia. Darasa letu huanza kwa maneno ambayo watoto huyasema wote pamoja, mkono kifuani: *Mungu aliniumba kwa mavumbi, akanipa pumzi yake.* Waliposema, mjomba akachuchumaa ili awe sawa nao.

"Na hayo mavumbi, Mungu aliyatoa wapi?"

"Nje!"

"Barabarani!"

"Chini ya kitanda!" alisema mmoja, na nadhani huyo alisema kwa ushahidi.

Mjomba akawaeleza. Aliwaeleza vizuri, kwa kifupi, kwa mikono yote miwili. Nyota kama jiko, jiko linapasuka, vilivyopikwa vinamwagika, Mungu anafinyanga. Mbele kabisa alikaa Kidoti. Ni binti wa fundi cherehani, ana alama nyeusi kwenye kidevu iliyompa jina hilo, na ana tabia ya kutokubali kitu mpaka akigeuze.

"Mimi ni nyota?" akauliza.

"Una vipande vya nyota ndani yako."

"Mikono?"

"Na mikono."

"Na kucha?"

"Na kucha, ndiyo."

Kidoti aliitazama mikono yake, mbele na nyuma, kana kwamba amekabidhiwa muda ule ule. Mimi nilikuwa naokota kalamu na nilijivunia. Nilidhani mambo yamekwenda vizuri sana.

Katikati ya wiki Mama Kidoti aliingia karakanani, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni na vipande vya nyuzi vimemganda kwenye sketi. Mashine zilinyamaza zenyewe.

"Fundi, shikamoo. Mtoto wangu umemwambia nini?"

"Marahaba, Mama Kidoti. Kuhusu nini?"

"Haogi!"

"Haogi?"

"Tangu Jumapili hajagusa maji. Ukimkamata anapiga kelele mtaa mzima usikie. 'Nyota haziogi!' Ndivyo anavyosema. 'Nyota haziogi, mama, maji yatanizima!'"

Fundi rangi alilazimika kwenda kuegemea ukuta, huku brashi ikidondosha rangi kwenye kiatu chake. Mama Kidoti hakucheka hata kidogo.

"Mnacheka. Jana kamsukuma mwenzake, kisa eti yule ni mavumbi na yeye ni nyota. Na sala ameibadilisha. Anasema Mungu aliniumba kwa nyota. Bibi yake kasikia, akashindwa kula. Mimi nilimleta kwako ajifunze adabu, fundi, siyo aniletee mbingu ndani ya beseni." Akavuta pumzi. "Nimeshamwambia Mzee Mpaka. Samahani, lakini nimeshamwambia."

Mzee Mpaka ni mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Zamani alikuwa mpima ardhi, maisha yake yote alisimika mawe ya mipaka, na hata leo akiingia chumbani hutazama pembe kabla ya kutazama watu. Siyo mkali. Ni mtu anayependa kujua kitu kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Baada ya ibada tulikaa katika kile chumba cha pembeni, watu wazima wamekunja magoti kwenye viti vya watoto. Mjomba alisema mimi niingie, kwa kuwa habari yenyewe niliileta mimi.

"Fundi," Mzee Mpaka akaanza, "umewaambia watoto hawakuumbwa kwa mavumbi?"

"Hapana, mzee. Nimewaambia mavumbi yalitoka wapi. Imeandikwa mavumbi. Haikuandikwa yalinunuliwa duka gani."

Mzee mmoja wa nyuma alikohoa ili asicheke. Mzee Mpaka mwenyewe alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka.

"Sayansi yenu siibishii," akasema. "Sina vipimo vya kuibishia. Mimi nauliza jambo jingine. Unadhani kwa nini tunawafundisha watoto kwamba ni mavumbi? Ni ili wasimpande mtu kichwani. Mtu akijijua ni vumbi, atamwona kila mtu ni mwenzake. Sasa wewe umemwambia mtoto ni nyota, na katika wiki hiyo hiyo kamsukuma mwenzake na kugoma kuoga. Huo ndio mwanzo tu. Akifika umri wa huyu," akaninyooshea kidole, "atatukubali sisi kweli?"

Nikamtazama mjomba. Alipinda vidole vyake vyenye madoa, akavinyoosha, akavipinda.

"Sina jibu, mzee," akasema mwishowe.

"Basi pumzika kwanza. Darasa atalishika mwingine mpaka tuelewane. Na tusipoelewana, basi, abaki huyo huyo."

Mjomba aliinuka, akatoa ufunguo wa kabati la bluu mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha Mzee Mpaka. Mzee naye hakufurahi kuupokea. Niliona alivyoutia mfukoni haraka, kama kitu cha moto.

Nyumbani mjomba alikaa kwenye ngazi ya uani, shati jeupe bado mwilini. Mama alinikonyeza nimwache, lakini mimi nimezaliwa bila sehemu hiyo ya kuacha.

"Umekasirika, mjomba?"

"Hapana. Mzee yuko sahihi. Nimewapa watoto nusu." Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kuniambia. "Tulipomzika mke wangu, nilimwaga udongo kwa mkono wangu huu. Nikajiambia, ni mavumbi, yamerudi mahali pake, sawa. Maneno hayo ndiyo yaliyonisimamisha. Sasa nimejifunza ni nyota, na nimefurahi, usidhani sijafurahi. Lakini nyota ikiisha inakwenda wapi? Inabaki nini? Hapo hukunifikisha, Bi Kwanini."

Kwa hiyo nilirudi tena kwenye ile nguzo ya veranda. Mwalimu aliponiona alicheka. "Leo mjomba anataka nini?"

"Anataka kujua nyota inaishaje. Ile inayotengeneza chuma."

"Chuma ndicho kinachoimaliza," akasema. "Sikiliza. Nyota inaishi kwa kuunganisha vitu, na kila ikiunganisha inapata joto la kuizuia isijiangukie. Inakwenda hivyo, kitu baada ya kitu, mpaka inafika kwenye chuma. Chuma ukikiunganisha hupati joto, unapoteza. Yaani tumboni mwake mnajaa kitu kisichowaka tena. Kama jiko lililojaa majivu. Ndipo inapojiangukia na kupasuka."

"Kwa hiyo chuma ni majivu."

"Majivu ya nyota. Unaweza kusema hivyo."

Nilikuwa nimeshaanza kukimbia, nikarudi. "Mwalimu, wewe unasali?"

Alishangaa, akajipangusa chaki, ikaenea zaidi. "Nasali. Ila usiniulize kama swali la mtihani, sitapata hata moja."

Mjomba nilimkuta anafagia. Hilo hulifanya kila jioni: chini ya grenda hukusanyika vumbi jeusi, laini, zito kuliko linavyoonekana, na ukiliacha linashika kutu na kuharibu sakafu. Nilimwambia nikiwa bado nahema. Chuma ni majivu ya nyota, mjomba. Nyota ikishakuwa na chuma tumboni, basi imekwisha. Hicho cha damuni mwako ni majivu.

Ufagio ukasimama. Alitazama chini, kwenye lile vumbi, kwa muda mrefu kuliko vumbi linavyotazamwa. Kisha akatoa sumaku mfukoni, akaisogeza. Vumbi likainuka na kusimama kwenye sumaku kama manyoya ya paka aliyeshtuka.

"Hizi ni cheche za leo asubuhi," akasema. "Zile zile. Nimezifagia tangu ujana wangu na sijawahi…" Alivua aproni, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Mpaka, hata uso hajanawa.

Mzee alikubali watoto waje karakanani, lakini mara moja tu. "Nitakuja kusikiliza," akasema. "Kukubali ni jambo jingine."

Jumamosi mchana watoto walijaa karakanani, wakisindikizwa na wazazi wachache na Mama Kidoti, aliyemshika binti yake mkono kwa nguvu, kwa sababu zinazoeleweka. Kidoti alikuwa bado hajaoga, amepanguswa tu kwa kitambaa chenye maji alipolala usingizi, na ilionekana. Mzee Mpaka alifika na kitu cha kwanza alichofanya ni kuomba chaki, akachora mstari sakafuni mbali na mashine.

"Asivuke mtu," akasema. Watoto wakapanga vidole vya miguu kwenye mstari. Mzee naye akapanga viatu vyake.

Mjomba hakuhutubia. Aliwasha grenda, akabana kipande cha springi, na cheche zikaruka, zikachanua, zikajaza pembe yote ya ukuta. Watoto wakapiga kelele za furaha. Kidoti alinyoosha mikono kama anayetaka kuzikumbatia. "Ndugu zangu hao!" akasema, na mama yake akafumba macho.

Mashine ikazimwa.

"Ziko wapi?" mjomba akauliza.

Wakatazama ukutani, wakatazama juu.

"Zimekufa," akasema mmoja.

"Zimekwenda mbinguni."

"Zimeisha umeme."

Mjomba akachukua ufagio, akafagia chini ya jiwe, akazoa. Aligusa kwanza kwa kidole chake kuhakikisha limepoa. Kisha akapita kwenye mstari, akimwekea kila mmoja vumbi kidogo kiganjani.

Kidoti alilichunguza lake. Alilinusa. "Hizi ndizo zile?"

"Ndizo zile."

"Mbona nyeusi?"

"Zimepoa."

"Na nyota zikipoa?"

"Hivyo hivyo. Nyota iliwaka kweli, ilikuwa kubwa kuliko yote unayoyajua, halafu ikaisha, ikawa vumbi kama hili. Na Mungu hakulifagia akalitupa. Aliliokota, akakuumba wewe. Na mwenzako uliyemsukuma, ni wa lundo hilo hilo."

Kidoti alimtazama mwenzake, aliyekuwa amesimama karibu naye na vumbi lake kiganjani. Wakalinganisha. Lilikuwa sawa.

Mwisho wa mstari, Mzee Mpaka alikuwa amenyoosha mkono wake pia. Mjomba alisita, kisha akamwekea. Mzee alilisugua kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayepima udongo wa kiwanja ambacho hakijawahi kuwa na jiwe la mpaka.

"Kwa hiyo vumbi linabaki palepale," akasema.

"Linabaki, mzee."

"Hujaliondoa."

"Sijaondoa hata punje."

Sijui angesema nini baada ya hapo, kwa sababu sauti ndogo ilitukatiza.

"Mama. Nataka kuoga."

Watu wote tukageuka. Kidoti alikuwa mweusi mpaka viwiko, na kwenye kidevu alama yake ilikuwa imepata ndugu wengi.

"Unataka kuoga?" Mama Kidoti akauliza, kwa tahadhari kubwa. "Si wewe ni nyota?"

"Nilikuwa," Kidoti akasema. "Nimeshapoa."

Hapo hata Mama Kidoti alishindwa. Alicheka mpaka akakaa chini, palepale sakafuni, na utepe wake wa kupimia ukamwangukia mapajani. Fundi rangi alipigwa na kwikwi ambayo haikuisha mpaka tulipofunga.

Watoto walipoondoka, Mzee Mpaka alibaki nyuma akifuta mkono kwa leso. Alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa kabati la bluu, akauweka juu ya meza ya kazi, karibu na sumaku. Ufunguo ukateleza wenyewe, ukanata kwenye sumaku kwa mlio mdogo.

"Chuma," mjomba akasema.

"Naona," akasema Mzee Mpaka. "Lakini kesho uanze na mavumbi. Nyota zifuate baadaye. Huo ndio mpaka wangu."

"Sawa, mzee."

Jioni hiyo mjomba alinawa muda mrefu kwenye bomba la uani, maji yakatoka meusi, kisha ya kijivu, kisha meupe. Ufunguo ulikuwa umerudi kwenye msumari wake. Mama akamletea kidonge na glasi ya maji.

"Kaka, majivu yako haya. Meza, umeshakula."

Mjomba akakiweka kidonge ulimini, akainua glasi, halafu akaishusha. Akaishika mbele ya taa, akaitazama kwa upande.

"Bi Kwanini," akasema, kidonge kikiwa bado mdomoni, "na haya maji je? Yalitoka wapi?"

"Meza kwanza!" mama akafoka.

Mimi nilikuwa nimeshamwuliza mwalimu. Ndani ya maji mna haidrojeni, ile ya mwanzo kabisa, iliyokuwepo kabla ya nyota yoyote kuwaka. Kuhusu ilikotoka hiyo nayo, mwalimu alikuna kichwa, akasema huko bado wanatafuta.

Nikavuta kiti.